Dawa ya deni la HELB ni kulipa, lakini utaanzia wapi?

Unaikumbuka ile asubuhi HELB ilipoingia? Mtu mmoja alipiga kelele kwenye korido ya hosteli, na kabla ya saa sita mchana kila chumba kilikuwa kimejua. Kuna aliyekimbilia simu mpya, kuna aliyenunua spika ya kusumbua majirani, na kuna aliyetuma nusu nyumbani kwa sababu mdogo wake alikuwa amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Jioni hiyo hata wale wa kushindia ugali na sukuma walikula kuku.

Sasa miaka imepita. Picha ya mahafali iko ukutani kwa mamako, na ujumbe wa HELB unaoingia kwenye simu si ule wa zamani. Huu ni wa kukukumbusha deni. Unausoma, unaufunga, unajiambia, "Nitalipa nikiomoka."

Shida ni kwamba deni lenyewe halikusubiri uomoke. Kwa hivyo keti, chukua kalamu, tupige hesabu bila kutishana.

Ulitia sahihi nini?

HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Sheria hiyo haisemi uanze kulipa "ukipata kazi". Inasema ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo uwe umeijulisha bodi unakopatikana na uwe umeanza kulipa. Ukiwa umeajiriwa, unapaswa kumwambia mwajiri wako akukate na kupeleka pesa huko.

Mkopo wa kawaida wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukikaa bila kulipa, unapigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, maana hapo ndipo wengi wetu hunaswa.

Tuseme ulikuwa unapewa Sh40,000 kwa mwaka, miaka 4. Jumla ni Sh160,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni Sh6,400. Mkopo wa bei hiyo huupati kwingine mtaani. Mikopo mingi ya simu hutoza asilimia 7 na zaidi kwa mwezi mmoja tu. Kwa hivyo usiiogope riba.

Ogopa faini. Sh5,000 mara miezi 12 ni Sh60,000 kwa mwaka. Ukinyamaza miezi 32, faini peke yake imefika Sh160,000, sawa na pesa zote ulizosomea. Na mwenzako aliyekopa kiasi hicho hicho akaamua kulipa kwa miaka 5? Yeye anatoa kama Sh2,950 kwa mwezi, na mwishowe atakuwa amelipa takriban Sh177,000, ukiacha ada ndogondogo za akaunti. Akiomba miaka 10, inashuka hadi kama Sh1,620 kwa mwezi.

Yaani kukaa kimya mwezi mmoja kunakugharimu zaidi ya kulipa mwezi mmoja.

"Lakini kwani lazima nilipe?"

Hili swali si la wakora peke yao. Vijana wengi wazuri wanaliuliza, na wana hoja. Umezunguka na bahasha ya vyeti miaka mitatu, kila ofisi inataka uzoefu. Kila siku unasikia mabilioni ya umma yameliwa na hakuna aliyefungwa. Halafu wewe wa boda, wewe wa kuuza mitumba, ndiye unayeandamwa kwa Sh160,000?

Uchungu huo ni halali. Bunge lenyewe limewahi kuletewa pendekezo kwamba riba ya HELB isianze kuhesabiwa hadi mtu apate kazi. Na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wakopaji watatu dhidi ya HELB, kwamba bodi hiyo nayo inabanwa na kanuni inayobana benki: riba na faini zisizidi deni lililokuwepo mtu alipoacha kulipa. Kama ulikuwa unadaiwa Sh160,000, haifai uambiwe leo unadaiwa Sh700,000. Kama taarifa ya akaunti yako ina tarakimu za aina hiyo, una haki ya kuuliza, kwa maandishi, zimetoka wapi.

Lakini tazama vizuri: mahakama haikufuta deni. Ilisema tu lisikue bila mpaka. Kukataa kulipa kwa sababu viongozi wanaiba hakumuumizi hata kiongozi mmoja. Wanaoumia ni hawa watatu.

Wa kwanza ni wewe. Jina likipelekwa CRB, siku utakapotaka mkopo wa kununua pikipiki au kupanua kibanda utajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Nafasi nyingi za serikali huomba cheti cha HELB pamoja na kile cha KRA na cha tabia njema kutoka DCI. Umeitwa mahojiano Jumatatu, Ijumaa ndiyo unaanza kutafuta cheti. Utakimbia mpaka uchoke.

Wa pili ni mdhamini wako. Ile fomu ulijaza na wadhamini wawili, na mara nyingi mmoja ni mzazi. Pengine mamako alitia sahihi akiwa sokoni, hata hakuvaa miwani, kwa sababu ni wewe uliyemwambia, "Mathe, weka tu hapa." Jina lake liko pale hadi leo.

Wa tatu humjui. Pesa za HELB huzunguka: unacholipa ni sehemu ya kinachokopeshwa aliye chuoni sasa hivi. Unakumbuka ile wiki ya kungoja, mkilala na chai ya rangi? Kuna mtu yuko kwenye wiki hiyo sasa.

Kwa hivyo lipa. Swali lenye maana ni: vipi, na lini, bila kulala njaa?

Kama huna kazi

Usijifiche. Huo ndio ushauri wote, mengine ni maelezo. Ingia kwenye akaunti yako ya HELB, toa taarifa kamili, ujue mkopo ni ngapi, riba ngapi, faini ngapi. Kisha wasiliana nao au nenda kituo cha Huduma chenye dawati lao, ueleze hali yako na uombe kiwango unachoweza. Wakikubali, kiandikwe. Usidhani kutuma Sh500 leo na kupotea miezi minne kunasimamisha faini. Mpango mliokubaliana ndio utakaokutetea.

Kama unahangaika na vibarua

Pesa yako haiji mwisho wa mwezi, inakuja kwa vipande. Basi lipa kwa vipande. Anayelenga Sh1,620 kwa mwezi anahitaji kuweka kando kama Sh55 kwa siku. Hiyo ni bando ya intaneti au ile soda ya kushushia chapati. Sisemi ni rahisi, nasema inahesabika. Pesa hizo zilipwe kupitia M-Pesa au benki kwa nambari uliyoipata kwenye mfumo wa HELB wenyewe, kamwe si ile uliyotumiwa na "afisa" kwenye WhatsApp anayeahidi kukufutia faini ukimtumia chai.

Na tafadhali: usikope kwenye simu ili ulipe HELB. Kuzima deni la asilimia 4 kwa mwaka kwa deni la asilimia 7 kwa mwezi ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto wa jiko.

Kama umeajiriwa

Tuseme ni kazi ya kwanza, mshahara Sh35,000. Kwa viwango vya 2025, ukishakatwa PAYE, NSSF, SHIF na ile asilimia 1.5 ya nyumba, unabaki na kama Sh29,500. Toa HELB ya Sh2,950, unabaki na Sh26,500 hivi. Inauma, lakini nyumba ya kupanga, nauli na chakula bado vinaweza kuingia humo ukiamua kwamba mwaka huu huhamii mtaa wa lifti.

Kuna kinga pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ukiona payslip imebaki mifupa, uliza.

Kitu kingine: makato kuonekana kwenye payslip si thibitisho kwamba pesa zimefika. Kila baada ya miezi mitatu, linganisha payslip na taarifa ya HELB. Kama mwajiri anakata na hapeleki, utagundua mapema, na zile karatasi ndizo ushahidi wako. Usizitupe. Na ukienda Qatar au Saudia kutafuta, deni halibaki JKIA. Jipangie kulipa kutoka huko, hata kama hakuna mwajiri wa kukukata.

Kama faini tayari imekua

HELB imewahi, zaidi ya mara moja, kutangaza msimu wa kusamehe faini kwa anayelipa mkopo na riba kwa mpigo. Ikitokea tena na una pesa za chama au bonasi, hapo ndipo pa kuziweka. Lakini usikae miaka mitano ukingoja msamaha ambao hakuna aliyekuahidi. Anza na mpango wa kila mwezi. Msamaha ukija, ukukute ukilipa.

Nyumbani je?

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mwisho wa mwezi simu ni nyingi: dawa za shosho, karo ya mdogo wako, harambee ya mazishi. Hakuna mshauri wa fedha atakayekuambia uache dawa za shosho ulipe HELB. Tanguliza kodi ya nyumba, chakula na matibabu. Lakini HELB iwekwe mara tu baada ya hayo, kabla ya sherehe na kabla ya simu mpya. Na uwaambie watu wa nyumbani. Wengi hudhani serikali ilikusomesha bure. Mzazi akijua unakatwa, na kwamba sahihi yake iko kwenye fomu hiyo, ataelewa kwa nini mwezi huu umetuma Sh2,000 badala ya Sh5,000.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wakaishia hapo. Leo jioni fanya jambo moja tu: fungua akaunti yako, tazama ile tarakimu, uiandike kwenye karatasi. Huenda ni kubwa kuliko ulivyofikiri. Huenda pia ni ndogo kuliko ile iliyokuwa ikikutisha usingizini. Vyovyote iwavyo, kesho asubuhi utakuwa unajua unapigana na nini.