Kadi ya Laptopu Haijafa, Imekosa Draiva



Lalamiko hili linasikika mno siku hizi, toka Likoni hadi Kilifi. Laptopu ya kikundi ilikuwa nzito, ikavushwa feri mpaka kwa fundi kisiwani, akapiga Windows upya. Ikarudi nyepesi, inawaka vizuri, lakini Wi-Fi haishiki. Mkimrudia fundi anawaambia kadi imekufa, nunueni nyingine. Kikundi kimoja cha akina mama kilitoa pesa ya mzunguko wa mwezi mzima, kikanunua kadi ya pili, nayo ikakataa vile vile. Kumbe kadi zote mbili zilikuwa nzima.

Hebu tuelewane kwanza kadi ni nini. Ndani ya laptopu, au katika tundu la ubavuni, huwekwa kadi ndogo za kuongeza kazi: ya Wi-Fi, ya modemu, ya sauti. Kadi hiyo haizungumzi na Windows moja kwa moja. Ni kama nahodha wa jahazi aliyeingia Bandari ya Kale na lugha ambayo hakuna ofisa anayeijua. Mzigo anao, lakini bila mkalimani hashushi kitu. Mkalimani wa kadi ni programu ndogo iitwayo draiva. Fundi anapofuta kila kitu na kupiga Windows upya, mkalimani naye anafutwa. Windows mpya huja na wakalimani wengi wake, lakini si wa kila kadi, hasa kadi za zamani.

Jambo hili limezidi kwa sababu Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za msaada ni kuukuu, Windows 11 haizikubali. Basi watu wanafuta na kupiga upya, wengine wanahamia Linux. (Kuhamia Linux si vibaya hata kidogo, na haina ada ya leseni.)

Kabla ya laptopu kwenda kwa fundi, nakilini daftari la mikopo na la akiba kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili. Kisha hifadhini draiva zenyewe. Kwenye Windows 10, tengenezeni folda iitwayo draiva ndani ya flashi, fungueni dirisha jeusi la amri kwa ruhusa ya msimamizi, muandike: dism /online /export-driver /destination:E:\draiva. Herufi E ni ya flashi, kwenu yaweza kuwa nyingine. Draiva zilizoongezwa kwenye mashine zitanakiliwa humo. Zitafaa kama mnarudi kwenye Windows ya aina ile ile, lakini kwa Linux hazifai.

Na kama mambo yameshaharibika? Msikimbilie duka. Tazameni kwanza swichi. Laptopu nyingi za zamani zina kiswichi cha Wi-Fi ubavuni, au kitufe chenye picha ya mnara kinachobonyezwa pamoja na Fn. Ni jambo la aibu kulipa fundi kwa ajili ya swichi, lakini hutokea.

Swichi ikiwa sawa, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, mchague Device Manager. Hapo ndipo ukweli ulipo. Mkiona kifaa chenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao, furahini: Windows imeiona kadi, imekosa mkalimani tu. Fungueni kifaa hicho, nendeni Details, halafu Hardware Ids. Mtaona maandishi marefu yenye VEN na DEV. Tarakimu nne baada ya VEN ni za kampuni iliyotengeneza kadi: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek. Nne baada ya DEV ni za kadi yenyewe. Ziandikeni kwenye daftari la kikundi, maana zinaaminika kuliko maneno ya fundi yeyote.

Sasa, draiva inapatikana kwenye mtandao, na mtandao ndio haupo! Njia ni simu. Unganisheni simu ya Android na laptopu kwa waya wa USB, muwashe kwenye simu ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi laptopu hupokea bila kuhitaji kadi yake. Ingieni tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, mtafute kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Jihadharini na programu zinazojitangaza kwamba zitatengeneza draiva zote kwa malipo. Zikimbieni.

Kwenye Linux kama Ubuntu, draiva nyingi zimo ndani tayari. Zinazosumbua zaidi ni kadi za Broadcom. Hapo unganisheni simu, mfungue Additional Drivers, muiache itafute. Amri lspci -nn itawaonyesha zile tarakimu za kadi zilizo ndani.

Kama kadi haionekani popote, si kwenye Windows wala kwenye orodha ya Linux, hapo ndipo tuanze kuishuku kadi yenyewe. Lakini sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Zimeni laptopu, toeni chaji na betri, mchomoe kadi, msugue meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba safi ya penseli. Pangusieni vumbi la raba mbali na mashine, mrudishe kadi na vile viwaya vyake vya antena. Kadi za tundu la ubavuni nazo zisilazimishwe: za zamani zina upana wa milimita 54, na za ExpressCard, zilizoanza 2003, nyingi ni milimita 34. Isiyoingia si ya tundu hilo.

Ikikataa bado, anzisheni laptopu kwa flashi ya Ubuntu, mchague kujaribu bila kusakinisha. Hilo halifuti kitu. Kadi ikifanya kazi hapo, ni nzima, na fundi hana haki ya kuwauzia nyingine.

Neno kwa vikundi vya Mji wa Kale. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, lakini kuta zenu za mawe ya matumbawe ni nene na hula mawimbi ya Wi-Fi. Kabla ya kulaumu draiva, ichukueni laptopu mkae nayo chumba kimoja na ruta.