Mauti Yasiyo na Jeneza

Jioni moja baada ya swala ya Isha tuliwakuta vijana watano kwenye baraza ya msikiti, wameizunguka simu moja. "Umeshauawa!" alisema mmoja. Mwenzake akajibu bila wasiwasi, "Subiri kidogo, narudi." Hatua chache kutoka hapo ndipo tunapohifadhi jeneza.

Wazazi wengi hudhani kuwa kinachowavuta watoto katika michezo ya video ni damu. Tulipoketi na vijana wale tuliona vinginevyo: huvutwa na ushindi wa haraka, ustadi unaotuzwa papo hapo, na kikosi cha wenzao. Nje ya mchezo ni wachache wanaowapongeza kwa lolote.

Je, michezo hiyo huwafanya wauaji? Tuseme kwa uadilifu. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inasababisha vitendo vya mauaji na jinai. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali, kama kufokeana na kusukumana.

Hofu yetu ni nyingine, nayo ni maana ya kifo anayofundishwa mtoto. Mwaka 2002 Jeshi la Marekani lilitoa bure mchezo uitwao America's Army, ili kuwavutia vijana kujiunga nalo. Humo kila timu ilijiona kuwa ndiyo wanajeshi wa Marekani, na wapinzani wao ndio maadui. Kinyume chake, mwaka 2014 kampuni moja ya Poland ilitoa This War of Mine, uliochochewa na kuzingirwa kwa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, kati ya 1992 na 1996. Humo mchezaji huwaongoza raia wanaotafuta chakula na dawa. Anayekufa harudi, na wanaobaki hulemewa na huzuni na majuto.

Basi, ndugu mzazi, usitosheke na kumnyang'anya mwanao simu. Tazama alama ya umri iliyowekwa kwenye mchezo, kisha keti naye umuulize: huyu uliyemuua ni nani? Ana mama? Nani atamzika?

Ijumaa iliyofuata palikuwa na maziko mtaani. Tuliwaomba vijana wale watano watusaidie kulibeba jeneza, nao wakalibeba kimya hadi makaburini. Tangu siku hiyo wao ndio wanaotuuliza maswali, nasi tunawajibu.