Jukwaa Dhidi ya Kamera: Rekodi Tano za Shakespeare

Jukwaani, watu wanne wenye mapanga wanatosha kuwa jeshi. Kamera haidanganyiki kirahisi hivyo: inataka farasi, matope na umati, na hotuba ndefu huichosha upesi. Kazi hizi tano ziliikabili kwa tamthilia za Shakespeare kuhusu wafalme wa Uingereza. Tunahesabu kutoka mkiani.

5. Kongwe kuliko zote: King John, 1899
Mwigizaji Herbert Beerbohm Tree alipigwa picha London, filamu zikiwa bado bubu. Shakespeare, bingwa wa maneno, bila neno hata moja! Kipande kilichosalia, mfalme akikata roho, ni kifupi kuliko wimbo mmoja wa bongofleva.

4. Ndefu kuliko zote: An Age of Kings, 1960
BBC ilirusha tamthilia 8 kwa sehemu 15, moja kwa moja kutoka studio, zaidi ya saa 15 kwa jumla. Anza kutazama basi likitoka Dar es Salaam: utaikaribia Mwanza kabla mfalme wa mwisho hajaanguka.

3. Watazamaji wengi kwa siku moja: Richard III
Tarehe 11 Machi 1956, filamu ya Laurence Olivier ilirushwa na kituo cha televisheni cha NBC siku ileile ilipoingia kumbi za sinema Marekani. Watazamaji walikadiriwa kufika milioni 25: Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ungejaa zaidi ya mara 400! Ila majumbani rangi zake ziliishia kwenye televisheni ambazo nyingi zilikuwa za nyeusi na nyeupe.

2. Mkasi mkali: Richard III, 1995
Tamthilia ina zaidi ya mistari 3,500. Kati ya tamthilia za Shakespeare, ni Hamlet tu inayoishinda kwa urefu. Mwigizaji Ian McKellen na mwongozaji Richard Loncraine waliibana ndani ya dakika 104. Mechi ya mpira pamoja na mapumziko huchukua 105.

1. Jeshi dogo, vita vikubwa: Chimes at Midnight, 1965
Orson Welles alichota kutoka tamthilia tano akapata filamu isiyofika saa mbili. Vita vya Shrewsbury, vilivyomo katika tamthilia hizo, alivipiga katika bustani ya Madrid akiwa na wapiganaji wasiozidi 200, abiria wa mabasi matatu tu ya mikoani. Aliwapiga picha kwa vikundi, akawafunika kwa moshi, akakatakata vipande vifupivifupi, na mtazamaji akaona maelfu. Kombe ni lake!