Meza yetu na mesa ya Ufilipino

Wapo watu wasiochoka kudai kwamba lugha iliyojaa maneno ya kigeni ni lugha iliyoshindwa. Kiswahili chetu nacho kimesemwa hivyo mara nyingi. Leo nawaomba twende hadi visiwa vya Ufilipino, tukaipime lawama hiyo.

Wahispania walianza kutawala huko mwaka 1565, wakianzia Cebu, na utawala wao ukakoma mwaka 1898. Hiyo ni miaka 333. Hata hivyo, wananchi waliojua Kihispania walikuwa wachache, kwani mapadri wengi walihubiri kwa lugha za wenyeji. Maneno mengi ya nyumbani yaliingia pamoja na vitu vyenyewe. Kwa Kitagalogi na Kisebuano, dirisha ni bintana, kiti ni silya, kijiko ni kutsara, uma ni tinidor na glasi ni baso.

Lakini tazameni wenyeji walivyoyafanya maneno hayo. Meza huitwa pia lamesa. Hiyo "la" kwa Kihispania ni neno dogo linalotangulia jina. Wao wakaliunganisha humo humo. Sapatos kwa Mhispania ni viatu, zaidi ya kimoja. Kwa Mfilipino hata kiatu kimoja ni sapatos, na akitaka vingi hutanguliza neno lake mwenyewe, mga. Mtagalogi akiweka "mag" mbele, magsapatos, amepata kitenzi: kuvaa viatu. Nasi tulilipokea neno la Kiarabu kitab, tukaisikia "ki" kama ya kiti, tukasema vitabu.

Meza yetu ilitoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498. Kireno na Kihispania ni ndugu, watoto wa Kilatini. Ndiyo maana sisi na Wafilipino tunakutana kwenye neno moja.

Na kilichopo juu ya meza hiyo? Mtagalogi husema palay, bigas na kanin. Msebuano husema humay, bugas na kan-on. Ni mpunga, mchele na wali, vivyo hivyo kama sisi tunavyotofautisha. Hapo Mhispania hakuachiwa nafasi, kwa kuwa aliyakuta mashamba yamelimwa na majina yapo.

Basi, mtu akikuambia Kiswahili si lugha kamili kwa sababu ya meza na kitabu, mwulize: maneno hayo yanafuata sarufi ya nani?