Kuvuta Pumzi ni Jambo Moja, Kuitumia ni Jingine

Mtu akikimbilia basi la Kawangware katikati ya mji wa Nairobi, akalipata, akaketi, kifua chake huendelea kupanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Miguu imekwisha kupumzika. Mbona kifua hakijapumzika?

Jibu lataka tutenge mambo mawili ambayo lugha yetu imezoea kuyaita kwa jina moja. Twasema "kupumua" kwa hewa inayoingia puani, na vitabu vya shule hutumia neno lilo hilo kwa kazi inayofanyika ndani kabisa ya mwili. Si ajabu wanafunzi wakichanganyikiwa. Hapa jambo la kwanza tutaliita kuvuta pumzi, na la pili kuitumia pumzi.

Kuvuta pumzi ni kazi ya mbavu, mapafu, na ule msuli mpana ulio chini yake uitwao kiwambo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza yapata nusu lita ya hewa. Katika sehemu 100 za hewa iingiayo, 21 ni oksijeni. Katika hewa itokayo zimebaki 16 hivi. Zile tano zimekwenda wapi?

Zimechukuliwa na chembe nyekundu za damu, zikapelekwa kwa chembe zote za mwili, za ubongo, za moyo, hata za ukucha unaoota. Humo oksijeni hukutana na sukari itokanayo na ugali na viazi tulivyokula, ikaiunguza polepole pasipo mwali wala moshi. Hutoka nguvu, joto, maji na hewa ukaa. Huko ndiko kuitumia pumzi. Mwaka 1783 Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa walieleza jinsi walivyomzungushia barafu mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto lake, kisha wakayalinganisha na yale yaliyoyeyushwa na makaa yanayowaka. Wakakata shauri kwamba mnyama naye huunguza, ila taratibu.

Basi turudi kwa abiria wetu. Alipokimbia, chembe za miguu ziliunguza sukari kwa wingi, na hewa ukaa ikajaa katika damu. Ubongo husikiliza hewa ukaa hiyo kuliko unavyosikiliza oksijeni, na hukiamuru kifua kiende mbio mpaka imepungua. Akiwa mgeni wa kutoka Mombasa atahema zaidi, kwa kuwa Nairobi iko yapata meta 1,700 juu ya bahari, na pumzi moja hapa huleta karibu nne kwa tano tu ya oksijeni iletwayo na pumzi moja kule pwani.

Kuna hatari moja ambayo mtu hawezi kuielewa vema asipojua tofauti hii. Kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku huwa kali huko Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na kuziba dirisha. Wengi hungoja kwanza moshi uishe, wakidhani makaa mekundu yasiyo na moshi hayana dhara. Lakini makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nafasi ya abiria imekwisha kukaliwa na mwingine.

Mtu aliyelala humo huendelea kuvuta pumzi kama kawaida. Hewa ukaa yake haijazidi, kwa hiyo ubongo hauna habari, kifua hakihemi, wala yeye haamki. Mapafu yanafanya kazi. Chembe ndizo zinazokufa njaa. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea hata asiweze kuufikia mlango.

Umkutapo mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha upesi, mtoe nje, kisha apelekwe hospitali hata akisema ni mzima. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne au tano kuiacha damu. Akivishwa kifuniko cha oksijeni tupu usoni, muda huo hupungua ukawa saa moja au moja na nusu. Jiko nalo litolewe nje kabla ya kulala, likiwa bado na makaa mekundu au yakiwa yamefunikwa na majivu.