Korosho ina ghala, muamala wa simu hauna

Mkulima wa korosho wa Newala au Masasi ni mzoefu wa kuuziana na mtu asiyemwona. Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara, korosho zake hupimwa kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, kisha husafirishwa hadi ghala kuu. Vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na jirani zake, huzipeleka mnadani, na kuanzia msimu wa 2024/2025 minada hiyo inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kuwa hajawahi kukanyaga Newala maishani. Lakini akishinda mnada hapewi kibali cha kutoa mzigo mpaka awe amelipa, na mkulima naye hawezi kuchukua hela huku korosho ziko kwake. Ghala limesimama katikati yao.

Mfumo huu una kero zake. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliosubiri malipo miezi mingi. Hata hivyo, aliyewahi kumuuzia mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo, kwa kipimo cha bakuli anajua tofauti ya kuuza penye msimamizi na kuuza pasipo na msimamizi.

Sasa mtazame mkulima huyohuyo pesa za msimu zikishaingia. Anaona kwenye Instagram sola ya bei nzuri, duka linasema liko Kariakoo. Anapiga simu. Anajibiwa, "Tuma hela kwenye namba hii, mzigo unapanda basi kesho asubuhi." Hapo hakuna ghala, hakuna stakabadhi, hakuna aliyesimama katikati. Wengi hudhani kampuni ya simu ndiyo imesimama hapo. Sivyo, na hapa ndipo watu wanapoumia.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, kazi yake ilikuwa kumwezesha mtu kumtumia ndugu yake pesa. Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa zilifuata njia hiyohiyo. Ukishaingiza namba ya siri, pesa inahama papo hapo kutoka jina lako kwenda jina la mpokeaji. Mtambo hauulizi kama sola imefika, wala haushikilii hela kusubiri ufungue boksi. Usalama wa pesa yenyewe si tatizo kubwa: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka fedha za wateja zitunzwe benki katika akaunti ya udhamini, mbali na fedha za kampuni. Hatari iko kwa uliyemtumia. Ukishtuka mapema ukapiga 100 na yeye hajatoa, kampuni inaweza kuzuia muamala. Akishatoa kwa wakala, umebaki na meseji tu.

Basi mnunuzi atafute ghala lake mwenyewe. Lililo karibu ni ofisi ya basi: kubaliana na muuzaji ulipe mzigo ukifika Masasi, ukiwa umeufungua na kuukagua. Muuzaji akikataa kabisa, anza na kitu kidogo, au mwombe ndugu aliyeko Dar es Salaam apite dukani. Na kabla ya kuingiza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Duka likiwa na jina lake na mpokeaji akawa mtu mwingine kabisa, acha.

Kwa muuzaji mambo ni tofauti, na mimi namshauri bila kusita achukue Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara. Anayeuza vitenge sokoni Newala kwa namba yake binafsi huishia kubishana na mteja juu ya "na ya kutolea", kisha anapanga foleni kwa wakala ambaye siku za malipo ya korosho huenda hana floti ya kutosha. Kwa Lipa Namba pesa ya biashara inakaa peke yake, haichanganyiki na ya ada ya mtoto, na kila mauzo yana kumbukumbu. Kumbukumbu hizo ndizo utakazoonyesha siku ukienda kuomba mkopo.

Kuna ujanja mmoja unaorudi kila msimu. Mteja ana haraka: "Mama, nimeshatuma, basi linaondoka." Kweli meseji imeingia, ina kiasi, ina namba ya muamala, hata salio jipya limeandikwa. Lakini tazama juu, panapoandikwa mtumaji: ni namba ya kawaida ya simu, si jina la huduma. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika. Salio hawezi. Fungua menyu, angalia salio, ndipo umkabidhi kitenge chake. Mteja wa kweli atakusubiri hiyo nusu dakika. Na anayekupigia baadaye akidai amekosea kutuma, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100, kampuni ndiyo irudishe.

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Kabla hela hazijaanza kuingia, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua kaifungishe kwenye duka la mtandao husika. Namba yoyote ya tapeli ikikufikia, itume kwenda 15040 ili ifungiwe kabla haijamfikia jirani yako.