Je, Wajua? Rafadha Haisukumi Chombo Sawasawa!

Je, wajua kwamba mashua ya tanga ikiwashwa injini haiendi mbele tu, bali huvuta upande pia? Usukani umenyooka, bahari shwari, upepo hakuna, na bado chombo kinakwenda mshazari! Inayofanya hivyo ni rafadha, yale mapanga yanayozunguka chini ya maji.

Unauliza kwa nini? Kwenye mashua nyingi mhimili wa rafadha umeinama, unashuka kutoka kwenye injini kuelekea nyuma. Basi chombo kikienda mbele, panga linaloshuka hukata maji kwa nguvu zaidi kuliko panga linalopanda. Upande mmoja unasukuma zaidi, na chombo kinageuka!

Ukiitazama kutoka nyuma, rafadha ya mashua yenye injini moja mara nyingi huzunguka kama mshale wa saa. Ukienda mbele, tezi (nyuma ya chombo) husogea kulia na omo (mbele yake) huelekea kushoto. Tia rivasi, na mambo yanapinduka: tezi inakimbilia kushoto!

Shika na hili: rivasi ndiyo yenye vituko zaidi. Ukienda mbele, rafadha inaumwagia usukani maji, na nahodha anarekebisha mwendo kwa mguso mdogo tu. Ukirudi nyuma, maji hayo yanatupwa upande wa omo na kupiga ubavu wa chombo, na usukani hauna nguvu mpaka chombo kishike kasi.

Je, wajua kwamba manahodha hodari wanaupenda mvuto huo? Gati likiwa kushoto, wanakuja kwa pembe kidogo, kisha wanatia rivasi. Chombo kinasimama, na papo hapo tezi inajivuta yenyewe hadi gatini. Breki na usukani kwa mkono mmoja!

Ajabu nyingine hii hapa. Mashua ya namna hiyo inaweza kugeuzwa mahali finyu, karibu pale pale ilipo. Usukani unalazwa kulia kabisa na kuachwa hapo, halafu ni mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kila msukumo, wa mbele na wa nyuma, unaizungusha tezi kuelekea upande ule ule!

Unataka kuujua upande wa chombo chako bila kutoka bandarini? Kifunge kwa kamba gatini, tia rivasi taratibu, kisha chungulia pande zote mbili. Povu likifoka zaidi kulia, tezi itavutwa kushoto. Jibu limeandikwa juu ya maji!

Je, wajua kwamba meli tupu huvuta upande zaidi kuliko meli iliyosheheni? Bila mzigo meli huelea juu, na rafadha yake inaweza kuchomoza nusu nje ya maji. Mapanga ya juu yanapiga hewa, ya chini yanapiga maji, na maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa!

Njoo sasa kwenye boti zetu za fiberi, zile za injini ya kupachika nyuma. Chungulia juu kidogo ya rafadha: utaona kipezi kidogo cha chuma. Wengi hupita bila kukiona, kumbe kazi yake ni kupunguza mvuto wa usukani. Boti ikivuta kulia, fundi hulegeza bolti na kuusogeza mkia wa kipezi hicho kulia, na mkono wa nahodha unapumua!

Je, wajua kwamba kuna chombo kilichotengenezwa kikiwa kimepinda makusudi? Ni gondola ya Venice, Italia, yenye urefu wa karibu mita 11. Mpiga kasia husimama nyuma na kupiga kasia moja tu, upande wa kulia. Ili chombo kisizunguke, ubavu wa kushoto hujengwa mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24!

Usidhani angani kuna amani. Ndege ndogo ya rafadha moja, ikipaa huku imeinua pua, mara nyingi huvuta kushoto. Rubani hukanyaga pedali ya kulia ili aende sawa. Ni kisa kile kile cha panga linaloshuka!

Orville na Wilbur Wright walilipigia hesabu jambo hili mapema. Ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, kwa sekunde 12, ilikuwa na rafadha mbili zilizozunguka kinyume. Walifanyaje? Injini ilikuwa moja, minyororo miwili, na mmoja wakaupitisha mkasi!

Chini ya maji, torpedo nyingi hutumia ujanja huo huo. Rafadha mbili hukaa kwenye mstari mmoja, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto. Bila hivyo, bomba lote lingejiviringisha majini!

Je, wajua kwamba watu wawili walipata hataza za rafadha nchini Uingereza ndani ya wiki chache za mwaka 1836? Mmoja alikuwa Francis Pettit Smith, mkulima. Mwingine alikuwa John Ericsson, mhandisi kutoka Sweden. Na rafadha za Ericsson zilikuwa mbili, zikizunguka kinyume!

Sikia kilichompata Smith mwaka 1837. Rafadha yake ya mbao, iliyojisokota kama skrubu ndefu, ilivunjika ikiwa kwenye mfereji wa maji, na kipande kizima kikapotea. Badala ya kukwama, mashua ikaongeza kasi! Smith akajua kwamba rafadha fupi ndiyo bora.

Lakini kabla yao wote alikuwepo Josef Ressel wa dola ya Austria, aliyepata hataza mwaka 1827. Mwaka 1829 meli yake Civetta ilikata maji ya bandari ya Trieste kwa rafadha. Bomba la mvuke likapasuka, na polisi wakapiga marufuku majaribio!

Mwaka 1845 Waingereza walifanya nini? Walizifunga meli mbili za mvuke tezi kwa tezi, zivutane! Rattler ilikuwa na rafadha, Alecto ilikuwa na magurudumu ya pembeni. Rattler ikaiburuta Alecto kinyumenyume, huku magurudumu ya mwenzake yakizunguka kwa nguvu zote!

Je, wajua kwamba rafadha huweza kuchemsha maji ya baridi? Ikizunguka kasi mno, shinikizo la maji mgongoni mwa panga hushuka sana, na maji yanageuka mvuke. Vipovu vikipasuka hutafuna chuma hadi kiwe na mashimo!

Hayo ndiyo yaliyomsumbua mhandisi Charles Parsons na meli yake Turbinia. Rafadha moja ilishindwa, akaweka 9 kwenye mihimili mitatu! Mwaka 1897 Turbinia ilizipita meli za kivita za Uingereza kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na hakuna iliyoweza kuikamata.

Tukirudi kwenye matanga: rafadha iliyotulia ni mzigo, kwa sababu hukokota maji chombo kinapokwenda kwa upepo. Meli ya kivita HMS Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilikuwa na rafadha ya tani 26 iliyoweza kutolewa majini. Watu wa kuinyanyua? 600, kwa kamba na kapi!

Leo mwenye mashua hahitaji jeshi. Kuna rafadha zinazojikunja zenyewe mara injini inapozimwa na matanga yanapojaa. Na kuna injini ambazo mguu wake hupenya sakafu ya mashua moja kwa moja, mhimili wa rafadha ukalala sawa badala ya kuinama. Hapo mvuto wa upande hupungua sana!

Je, wajua kwamba Titanic ilikuwa na rafadha tatu, lakini mbili tu ndizo zilizoweza kurudi nyuma? Ile ya katikati iliendeshwa na tabo (turbini) ambayo haikuwa na rivasi. Na ndiyo iliyokaa mbele kabisa ya usukani! Ikisimama, usukani hukosa ule mkondo wa maji unaoupa nguvu.

Unapenda vikubwa? Rafadha ya meli ya makontena Emma Mærsk ina kipenyo cha zaidi ya mita 9 na uzito wa tani 130 hivi. Ni kipande kimoja, kinaendeshwa na injini moja!

Hili la mwisho litakushangaza. Kuna meli ambazo rafadha yake haibadilishi mzunguko hata zikirudi nyuma. Mapanga ndiyo yanayojigeuza papo hapo yalipo. Zikirudi, nyingi za mzunguko wa kulia huvuta tezi kulia badala ya kushoto, na rubani wa bandari lazima aambiwe mapema!

Basi siku utakapopanda boti au jahazi lenye injini, mwulize nahodha swali moja tu: ukitia rivasi, tezi yako inakwenda wapi? Nahodha anayekijua chombo chake atakujibu hapo hapo, bila kufikiri mara mbili.